Noti za Mkono wa Kushoto

Ukiiacha barabara kuu pale Msambweni na kuteremka upande wa baharini, nyumba ya Mama Menza utaijua kwa masikio kabla ya macho. Sisemi redio. Redio ziko kila nyumba, kila moja inapiga kelele kuishinda mwenzake, na siku hizi hata bodaboda zimefungwa spika kubwa kuliko akili za wanaoziendesha. Kwa Mama Menza utasikia watoto wanapanda na kushuka: do, re, mi, fa. Kisha kimya. Kisha kijiko kinagonga kikombe cha bati, na wanaanza upya.

Jina lake hasa ni Mbodze Kalama. Menza ni mwanawe wa kwanza, mpishi katika hoteli moja ya Diani, na sisi majirani tumezoea kumwita mama kwa jina la mwanawe. Ni Mduruma wa Kinango, Mkristo, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mimi ni Mdigo na Mwislamu, na kati ya ua wake na wangu pana wigo wa minyaa ambao kuku wetu hawajawahi kuutambua. Naandika habari zake angali hai, maana nimechoka kusoma sifa za watu waliokwisha kuzikwa, zimeandikwa na wale wale ambao hawakuwajulia hali walipokuwa wagonjwa.

Alizaliwa kule bara ya Kwale ambako mawingu hukusanyika, yakatishia, kisha yakaenda kunyesha kwingine. Baba yake alikuwa mfugaji, na yeye alifuata mbuzi kabla ya kufuata shule. Kanisani kwao palikuwa na mzee aliyefundisha kwaya. Mzee huyo hakuwa na ubao, hakuwa na chaki, wala karatasi. Alikuwa na mkono wake wa kushoto. Ncha ya kidole gumba, aliwaambia watoto, ni noti ya chini kabisa. Kutoka hapo unashuka viungo vya gumba, unapita kwenye mashina ya vidole vingine, unapanda kidole cha mwisho, unazunguka kwa juu, mpaka kiganja kizima kimejaa noti. Mzee akigusa kiungo hiki, kwaya inaimba noti yake. Akigusa kile, wanahama. Mtoto akienda malishoni anakwenda na somo lake, na mbuzi hawawezi kulila.

Mbodze aliamini kuwa yule mzee aliubuni mkono ule mwenyewe. Alipofika chuo cha ualimu akafungua kitabu cha historia ya muziki wa Ulaya, na ndani yake akakuta mkono ule ule umechorwa, viungo vyote vimeandikwa noti. Kitabu kilisema unaitwa mkono wa Guido, mtawa wa Italia aliyefundisha katika mji wa Arezzo miaka kama elfu moja iliyopita, ingawa hakuna ajuaye kwa yakini kama aliuchora yeye au wanafunzi waliokuja baadaye.

"Nilikasirika," aliniambia. "Nilidhani ni mkono wetu."

"Na sasa je?"

"Sasa nimekwisha kujua. Guido alikuwa Mduruma."

Nimeishi na masihara yake miaka yote hii na bado hunikuta sijajiandaa.

Habari za mtawa huyo nimezisikia kibarazani kwake mara nyingi kuliko habari za ndugu zangu. Kabla yake, vijana wa kwaya walijifunza nyimbo kwa kusikia tu, wakamaliza miaka kumi na bado hawajazijua zote. Juu ya maneno waliweka alama ndogo ndogo zilizoonyesha kama sauti inapanda au inashuka, lakini si kwa kiasi gani. "Kama mtu anayekuelekeza njia kwa kidevu," husema Mama Menza. Guido akapiga mistari, mmoja mwekundu, mmoja wa manjano, kila noti ikapata mahali pake pa kukaa, juu ya mstari au katikati ya mistari. Akazipa noti sita majina kutoka mwanzo wa kila mstari wa wimbo mmoja wa kanisani, uliokuwa ukipanda hatua moja kila mstari. Ya kwanza aliiita ut; waliokuja baadaye wakaona ut haiimbiki vizuri, wakaifanya do, na wengine wakaongeza noti ya saba, si, ili ngazi itimie. Watawa wenzake hawakumshukuru. Walimwonea wivu mpaka akahama nyumba yao. Sehemu hiyo ndiyo niipendayo mimi, maana inanionyesha kuwa Msambweni hatukuvumbua kitu.

Shuleni Mama Menza alifundisha hesabu na Kiswahili kwa mshahara, na muziki kwa mapenzi. Alipostaafu, shule ikapata kinanda cha umeme kutoka kwa wafadhili, na mwalimu kijana kutoka Nairobi wa kukibonyeza. Ukibonyeza kidude kimoja ngoma inapiga peke yake. Ukibonyeza kingine, gitaa. Nimekwenda kukitazama. Kinafanya kila kitu isipokuwa kumfundisha mtoto. Ndipo mabinti waliokuwa wakimpenda wakaanza kuja kwake baada ya madrasa na baada ya shule, wa Kidigo na wa Kiduruma, Waislamu na Wakristo, wanaketi kwenye mkeka, mikono ya kushoto wazi mapajani, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinatembea juu ya viungo.

Kulikuwa na jambo moja alilolitaka maishani na hakuwahi kulipata. Watoto aliowafundisha yeye walikuwa wameimba kwa sauti mbili, mara nyingi tu. Kwa sauti tatu, bila kinanda cha kuwashika, hawajawahi kufika mwisho. Kila mwaka alijaribu, na kila mwaka sauti moja ilianguka.

"Kwani sauti moja ina ubaya gani?" nilimwuliza siku moja. "Kanisa la kale si liliimba sauti moja mamia ya miaka?"

"Liliimba. Watu wote lahani moja, haina ala, haina haraka. Nzuri sana. Kisha mtu mmoja akaweka sauti ya pili pembeni yake. Huko Paris, katika kanisa lao kubwa, wakafika tatu, wakafika nne."

"Tamaa hiyo."

"Upweke, Bwana Amin. Wewe unayeishi peke yako na vitabu ndiye ungepaswa kujua."

Nilikwenda kuwafukuza kuku.

Mwaka huu alitunga wimbo mwenyewe. Maneno yake yalihusu mvua tu, ili asije mtu wa msikitini wala wa kanisani akadai si wake. Ulikuwa wa namna ambayo Wazungu wa zamani waliita kanoni, yaani sheria. Lahani ni moja kwa wote, lakini kundi la kwanza linaanza, likifika mstari wa pili kundi la pili linaanza mwanzo, na likifika hapo hilo nalo, la tatu linaingia. Hakuna anayeimba kitu kigeni, ila hakuna anayeimba sawa na mwenziwe kwa wakati mmoja, na noti zao zimepangwa zipatane zinapokutana.

Wasichana hawakuweza. Kila kundi lilikimbilia kwa jirani yake. Mama Menza akafikiri siku mbili tatu, kisha akaja wigoni.

"Bwana Amin, kile kinu cha marehemu mama yako bado kipo?"

Kilikuwepo. Kuku alikuwa akitagia ndani. Tulimhamisha kuku, tukakiosha kinu, akatafuta michi mitatu, na hapo nikaona jambo lililonitia uchungu kuliko nilivyotaka kuonyesha. Hakuna hata msichana mmoja kati yao aliyewahi kutwanga na wenzake wawili katika kinu kimoja. Mama zetu walifanya hivyo kila siku. Michi mitatu, mmoja unapanda, mmoja unashuka, mmoja uko njiani, na hapagongani kitu. Ukipita njiani ulijua ni kina nani wanatwanga kwa mlio tu. Kisha ikaja mashine ya kusaga, tukasema tumepumzika. Tumepumzika kweli kweli. Sengenya nayo, mchezo wetu wa jadi Wadigo ambao ngoma zake zilianikwa na kukazwa hadi kila moja ipate noti yake, imepumzika vile vile. Huisikii ila mwanasiasa anaposhuka garini.

Kwa wiki nzima wasichana wale hawakuimba. Walitwanga. Michi iligongana, vidole viliumia, Twaiba mtoto wa muuza samaki akajipiga kidevuni akalia. "Usimtazame mwenzio," Mama Menza alisema. "Msikilize, lakini usimfuate. Pigo lako unalo mwenyewe. La kwanza zito, mengine mepesi. Hiyo ndiyo mizani." Na siku michi ilipoacha kugongana, aliwaambia waiweke chini na waimbe.

Kundi la tatu ndilo lenye kazi ngumu. La kwanza linaanza hewa ikiwa tupu. La pili lina kundi moja tu la kukabiliana nalo. La tatu linaingia nyumba imekwisha kujaa, na mwenye kuliongoza lazima awe na sikio la ajabu na ukaidi kidogo. Kiongozi huyo alikuwa Warda.

Warda ni binti wa Ustadh Mbarak, anayefundisha madrasa yetu na mchana ana kiduka cha nyuzi na ndoana. Mtu mpole, mwenye heshima, asiyejua kutania. Alimruhusu binti yake aje kwa Mama Menza kwa sababu Mama Menza alimfundisha yeye mwenyewe kuzidisha na kugawanya, na hakuuliza mengi zaidi ya hapo. Alijua wanaimba. Namna wanavyojifunza hakuijua.

Basi jioni moja, baada ya magharibi, akamkuta Warda bado yuko kwenye msala wenzake wote wamekwisha kuinuka. Kichwa kimeinama, midomo inacheza bila sauti, kidole kinahama kutoka kiungo hadi kiungo. Sisi Waislamu huhesabu nyiradi zetu, dua fupi zinazorudiwa baada ya sala, hivyo, kwa viungo vya vidole. Ustadh Mbarak alisimama mlangoni akamtazama, na moyo wake ukajaa. Kesho yake akamwona tena. Si mtu wa kujisifu, lakini furaha ya namna hiyo haifichiki. Aliitaja madrasani ili wengine wamuige. Aliitaja barazani msikitini. Akina mama wakaanza kuwasimanga binti zao: mtazameni mtoto wa Ustadh, nyinyi simu tu. Mimi mwenyewe niliyasikia hayo, na nakiri sikuyahusisha na kijiko na kikombe cha bati.

Kisha akaja mgeni kutoka Vanga, Sheikh Salimu, mjomba wake Mbarak, mzee mcheshi aliyekuja hospitali kutazamwa magoti. Tulikaa barazani kwa Mbarak baada ya alasiri, watu wengi kidogo, tukinywa kahawa. Warda alituletea vikombe, akarudi kuketi karibu na kizingiti, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, vidole vikaanza.

Sheikh Salimu alimtazama kwa muda. "Mbarak, huyu ndiye uliyenisimulia?"

"Ndiye, mjomba. Alhamdulillahi."

"Njoo, mjukuu wangu. Unaleta uradi gani?"

Warda alimtazama baba yake.

"Mwambie babu yako," alisema Mbarak, uso wake unang'aa.

"Nauliza," aliendelea Sheikh, "kwa kuwa naona unahesabu kwa mkono wa kushoto. Sisi tulifundishwa wa kulia. Nikasema labda huku Msambweni mmepata tarika mpya na hatukuarifiwa."

"Si uradi, babu," alisema Warda. Ni mtoto asiyejua kusema uongo, nalo ni kosa la malezi ya baba yake. "Ni noti. Hapa ni mi, hapa ni fa. Kati yake ni nusu hatua tu, si hatua nzima. Ndiyo maana watu hukosea hapo."

Nilisikia kahawa ya mtu ikishuka kooni. Kisha Sheikh Salimu akacheka. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu, akafuta macho, akacheka tena.

"Mbarak! Umemfanya walii mtoto wa kwaya!"

Baraza zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitajifanya. Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu. Alikuwa ameshika birika, na hakujua aliweke wapi.

Kabla ya adhana ya magharibi mji mzima ulikuwa na habari. Vijana wa pale penye mzani wa samaki, ambao msikitini huonekana Ijumaa tu, tena kwa mvua, wakapata kazi. "Ustadh, leo tunaanza na bismillahi au na do?" Mmoja alipita dukani kwake akaomba ndoana "ya nusu hatua". Mtu akichekwa kwa ubaya wake anaweza kustahimili, maana moyoni anajua. Mbarak alichekwa kwa furaha ya uzazi wake. Hakumpiga mtoto, wala hakumkaripia. Alisema tu kwamba Warda hatavuka tena kwenda kwa Mama Menza, na alipokwisha kusema akafunga duka mapema.

Siku ya wazazi shuleni ilikuwa imekaribia, na mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kuwapa wasichana nafasi baada ya maonyesho ya kinanda. Mama Menza aliwakalisha mkekani bila Warda. Kundi la kwanza likaanza, la pili likaingia, la tatu likaingia na papo hapo likalifuata la pili kama mbuzi waliokosa mchungaji. Akaweka kiongozi mwingine. Likalifuata la kwanza. Alimweka Eunice, mjukuu wake, mwenye sauti nzuri sana na woga mwingi zaidi. Eunice alinyamaza kabisa.

Yule mwalimu kijana alipita kumjulia hali. Ni kijana mwema, humwita Shosho, yaani bibi, kama wasemavyo kwao Nairobi; shida yake ni kwamba kila tatizo analiona lina swichi.

"Shosho, usijali. Hiyo sauti ya tatu tunaweza kuweka kwa mashine. Iko na kwaya ndani."

"Kwaya hiyo huvuta pumzi wapi, mwanangu?"

"Haivuti. Ndiyo uzuri wake."

"Basi iache iimbe peke yake. Sisi hapa tunavuta."

Alipoondoka, Mama Menza alikaa amekilaza kijiko mapajani. Nilikuwa upande wangu wa wigo, najifanya nachambua mchicha.

"Walikaribia, Bwana Amin. Siku ile kabla ya yule sheikh wenu kuja, walifika mstari wa mwisho. Zote tatu zimesimama. Twaiba akacheka kwa furaha, zikaanguka. Nikawaambia, haya si kitu, tutamaliza kesho." Akakigeuza kijiko. "Mwakani Warda anakwenda sekondari ya bweni. Na mimi mwakani sijui."

"Nenda kwa Mbarak."

"Twende sote."

"Mimi nilicheka pale barazani. Hatataka kuniona."

"Ndiyo maana utakwenda. Utakuwa na adabu."

Tukaenda. Tulimkuta dukani, anazungusha uzi kwenye kijiti.

"Hodi, Ustadh."

"Karibu, mwalimu wangu. Shikamoo. Karibu, Mzee Amin."

"Marahaba. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Hukusema lolote. Niliyesema ni mimi."

"Nilipaswa kukuambia ninafundisha kwa viungo vya vidole. Najua nanyi mna vidole vyenu. Sikufikiri mtoto atachukua masomo yangu mpaka kwenye msala wako."

Mbarak aliendelea kuzungusha uzi. "Watu wananicheka, mwalimu."

"Watacheka mpaka wapate kingine. Mwezi uliopita walikuwa wakiicheka miwani ya Bwana Amin."

"Miwani yangu ina nini?" niliuliza.

"Ina kamba ya kiatu," walijibu wote wawili, na kwa mara ya kwanza nikaona Mbarak anakaribia kutabasamu. Lakini akarudi alipokuwa.

"Kicheko kitapita. Lipo jingine. Warda anakua. Siku ya wazazi atasimama jukwaani, na siku hizi hakuna mtu anayetazama kwa macho, ni simu. Leo ameimba habari za mvua, kesho yuko kwenye simu ya kila mlevi wa Ukunda. Hilo silitaki. Na usiniambie ni mambo ya kizamani."

"Siwezi kukuambia hivyo," alisema Mama Menza, "maana nina la kizamani zaidi." Akavuta kibao akaketi. "Kuna mji Italia unaitwa Venisi. Umejengwa majini, mitaa yake ni kama Vanga maji ya bamvua yakijaa. Miaka mia tatu iliyopita palikuwa na nyumba ya kulelea wasichana mayatima, na wenye vipaji walifundishwa muziki mpaka wakawa hodari kuliko watu wote wa mji. Mmoja wa walimu wao alikuwa padri mwenye nywele nyekundu, Vivaldi. Nyingi ya kazi zake aliwatungia wao. Wafalme walisafiri kwenda kuwasikiliza. Na hakuna mfalme aliyeona uso wa hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Waliimba na kupiga ala wakiwa juu roshanini, nyuma ya wavu wa chuma."

Uzi ukasimama. "Wakristo hao?"

"Wakristo. Tena Wazungu."

"Na wenyewe ndio waliowaficha?"

"Wenyewe. Wao waliweka chuma, Ustadh. Sisi tutaweka leso."

Mbarak akanigeukia. "Ni kweli haya, Mzee Amin, au ananipiga kamba kama alivyokuwa akitutisha na fimbo?"

Nilimwambia ni kweli, nimeyasoma katika kitabu changu kimoja ambacho mchwa hawakukimaliza. Alifikiri. Mteja akaja, akanunua chambo cha plastiki, akaenda.

"Leso ziwe mbili mbili," alisema mwishowe. "Na vidole vibaki kwako. Nyumbani kwangu, kwenye msala wangu, vidole ni vya nyiradi."

"Nimekubali."

"Na mkono wa kulia."

"Hilo mwambie mwenyewe. Mimi wa kulia sina kazi nao."

Siku ya wazazi ilikuwa na jua kali na hotuba ndefu. Mwalimu kijana alipiga kinanda chake, au tuseme kinanda kilijipiga na yeye akakisindikiza, na simu zikainuka kote uwanjani kama shamba la mihogo. Kisha Mama Menza na akina mama wawili wakafunga kamba kutoka nguzo moja ya jukwaa hadi nyingine, wakaanza kutundika leso zao za kujifunga, mbili mbili, kama walivyoagizwa. Watu wakanung'unika. Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mtu anabadilisha nguo.

"Lakini Shosho," alisema mwalimu kijana, "sasa watu watarekodi nini?"

"Waulize," alisema, akaingia nyuma ya leso, na hatukumwona tena.

Mimi na Mbarak tuliketi benchi la nyuma. Kundi la kwanza lilianza. Baadhi ya watu waliinua simu, wakaona leso nyekundu na leso ya buluu, wakazishusha. Hawakuwa na pa kutazama. Wakabaki na masikio tu, na nafikiri wengi hawakukumbuka mara ya mwisho walibaki nayo hayo peke yake. Kundi la pili likaingia. Nikajikuta nimeshika ukingo wa benchi.

La tatu likaingia. Kulikuwa na mahali, mwanzoni kabisa, ambapo lilitaka kuteleza. Nililisikia linainamia kwa jirani yake. Halikwenda. Likakaa mahali pake, na sauti tatu zikaanza kupishana, moja inapanda, moja inashuka, moja iko njiani, na uwanja ule uliokuwa na kelele tangu asubuhi ukawa kama umefungwa mlango.

Mbarak alinisogelea. "Sauti yake ni ipi?"

"Sijui. Zimekwisha kuchanganyika."

"Wewe msomi hujui?"

"Hawajulikani, bwana. Ndivyo wimbo ulivyotungwa."

"Basi nyamaza nisikilize."

Aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayetafuta mwanawe katika kundi la watu sokoni. Hakumpata. Nilimwona uso wake unalegea, ikawa kama anapumzika kwa kutompata.

Lakini wimbo wa namna ile una jambo moja. Aliyeanza wa kwanza humaliza wa kwanza. Kundi la kwanza likafika mwisho, likanyamaza. La pili likafika, likanyamaza. La tatu likabaki peke yake na mstari wake wa mwisho, bila mtu wa kusimama naye wala wa kushindana naye. Na mbele ya lile kundi, juu kidogo ya wenzake, sauti moja nyembamba, safi, isiyo na haraka, ilizishuka zile ngazi mpaka chini ikasimama pale ilipotakiwa kusimama.

"Huyo," alisema Mbarak.

Hakusema kwangu. Watu walikuwa wameanza kupiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele, na nyuma ya leso nilisikia kilio cha mtu mzima kikizimwa kwenye nguo. Mbarak aliinuka, akapita katikati ya viti vya watu, wale vijana wa mzani wakampisha bila kusema neno. Alifika jukwaani akasimama mbele ya leso. Hakuifunua. Akakohoa.

"Mama Menza."

"Naam, Ustadh," ilijibu sauti, haikuwa imara.

"Kesho aje saa ngapi?"

Wasichana walikuwa wakinong'onezana.

"Baada ya madrasa," alisema Mama Menza. "Amalize madrasa kwanza."